Mtungi upo, mbona bado anapikia mkaa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhamia gesi na umeme jikoni

Haya ni maswali ambayo ukiongelea gesi au presha kuka ya umeme mbele ya watu lazima yatoke, iwe msibani, kwenye kikoba au kwenye grupu la familia. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale magumu. Mifano mingi ni ya Tanzania maana ndo jiko ninalolijua, ila wa Kenya pia mtajiona humu.

## Mambo ya msingi

Kwa nini watu wanakataa kitu ambacho kila mtu anasema ni kizuri?

Kwa sababu anayesema ni kizuri mara nyingi sio anayepika. Mtu akikataa gesi usidhani hajaelewa, kaa naye jikoni siku moja utaona mkaa unamfanyia kazi tano sita ambazo wewe huzihesabu: anaununua kwa kopo akiwa na hela kidogo, unapalia wali, unachemsha maharage huku yeye anafua nje, unachoma mahindi, unapasha pasi umeme ukikatika, na hata akiondoka kidogo hana wasiwasi. Sasa wewe unamletea kitu kinachofanya kazi mbili kati ya hizo, haraka na bila moshi, alafu unashangaa anasita.

Msomi mmoja wa Marekani, Everett Rogers, tangu 1962 alieleza kwamba kitu kipya kinapokelewa haraka kama kina faida inayoonekana, kinaendana na maisha ya mtu, sio kigumu kutumia, kinajaribika kidogo kidogo, na matokeo yake majirani wanayaona. Mimi nikiangalia gesi naona inafeli kwenye kimoja kikubwa, kujaribika kidogo kidogo. Huwezi kujaribu nusu mtungi. Unanunua mtungi, regyuleta, mpira na jiko siku hiyohiyo, ndo ujue kama unaipenda.

Si ni ushamba tu na kutosoma?

Hapana, na naomba hii kauli tuiache kabisa maana inaumiza watu na haisaidii. Nenda kwa watu wenye digrii na mishahara, nyuma ya nyumba utakuta jiko la mkaa, na ukiuliza utaambiwa "hilo ni la maharage na nyama choma". Anayejua hasara ya mkaa na bado anautumia hana shida ya elimu, ana sababu, na kazi yako ni kuitafuta hiyo sababu.

Kuna kisa maarufu cha kijiji cha Los Molinos nchini Peru. Mfanyakazi wa afya alihangaika miaka miwili kuwashawishi akina mama wachemshe maji ya kunywa, kaya kama 200 hivi, akapata akina mama 11 tu. Sio kwamba hawakumsikia. Kule maji yaliyochemshwa yalihesabiwa kuwa ya wagonjwa, mtu mzima mwenye afya yake anayanywaje? Yeye alikuwa anaongelea vijidudu, wao walikuwa wanaongelea nani anastahili kunywa maji hayo, na hakuna aliyekuwa mjinga pale.

Mbona simu na M-Pesa tulizipokea haraka hivo?

Kwa sababu zilitatua shida ambayo mtu alikuwa analia nayo tayari. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania 2008, kabla ya hapo kumtumia mama hela kijijini ilikuwa unampa kondakta wa basi bahasha na unaomba Mungu. Alafu ilijaribika kwa kiasi kidogo, unatuma kidogo, mama anapiga simu "imefika mwanangu", basi umeamini. Na wakala yupo dukani kwa mangi, mtu unayemjua kwa sura, ukikosea anakuelekeza.

Gesi haina hiyo bahati. Moshi unaua taratibu na hakuna anayelia nao siku hiyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, ila mpishi yeye anaona macho yanawasha na kifua kinabana, anasema ni vumbi, maisha yanaendelea.

Inachukua muda gani mtu kubadilika?

Muda mrefu kuliko subira ya mradi wowote. Wakulima wa Iowa kule Marekani walipoletewa mbegu chotara za mahindi mwishoni mwa miaka ya 1920 ilichukua zaidi ya miaka 10 karibu wote kuzikubali, na hizo zilikuwa mbegu zinazotoa mavuno zaidi wazi kabisa. Waliokuja kuwahoji, Bryce Ryan na Neal Gross, waliandika mwaka 1943 kwamba wengi walisikia habari kwa wauzaji lakini walioamua walishawishika na majirani, na walianza na kipande kidogo cha shamba, sio shamba zima. Kwaiyo mama yako akikaa na mtungi mwaka mzima anachemshia chai tu, hajakataa, yuko kwenye kipande chake kidogo.

## Hofu

Gesi si italipuka?

Hofu hii ni ya kweli na usimcheke mtu anayeiuliza. Mkaa ukikosea mara nyingi unaungua kidole tu, gesi ukikosea unaweza kuunguza nyumba, kwaiyo mtu anapima hatari kwa akili timamu. Ila hofu inapungua mtu akijua gesi inavyofanya kazi, na hapa ndo watu wengi hawajawahi kuelezwa hata siku moja, wanapewa mtungi na risiti basi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini na kukaa sakafuni. Kwa asili haina harufu, ile harufu mbaya inaongezwa makusudi ili pua yako ikuambie. Ukisikia harufu: zima jiko, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, toa watu nje. Mtungi ukae wima siku zote, na mpira ukianza kupasuka au kukakamaa nunua mwingine.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa hataki mtungi uingie ndani kabisa mpaka kijana wa gesi alipomwomba bakuli la maji ya sabuni. Akapaka povu kwenye maungio ya regyuleta na mpira, akafungua mtungi, akamwambia "mama angalia hapa, pakitoa mapovu panavuja". Povu likatulia. Alafu akalegeza kidogo makusudi, mapovu yakaanza kutoka moja moja, akakaza tena, yakaacha. Yule mama akamnyang'anya bakuli akarudia mwenyewe. Tangu siku hiyo kila akibadilisha mtungi anapaka povu, na wapangaji wenzake wote kashawafundisha. Maneno ya "gesi ni salama" alikuwa keshayasikia mara nyingi bila kusogea, alichokuwa anakosa ni namna ya kukagua yeye mwenyewe.

Na ule moto wa Embakasi?

Ule wa Nairobi wa Februari 2024 ulitokana na sehemu ya kujazia gesi iliyokuwa inaendeshwa bila kibali katikati ya makazi ya watu, haikuwa jiko la mama fulani. Ni tukio la kusikitisha sana na linafundisha kitu kimoja: usinunue gesi iliyojazwa uchochoroni kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, hata kama bei inavutia. Nunua kwa wakala anayeeleweka, angalia lakiri kama haijaguswa, na una haki ya kupimiwa mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, ongeza kilo 6 au 15, hiyo ndo namba unayotakiwa kuiona.

## Hela

Gesi si ni bei rahisi kuliko mkaa kwa mwezi? Mbona hawaoni?

Wanaona vizuri sana. Tatizo ni kwamba hawana "kwa mwezi". Mtu anayepata hela kila jioni anapanga bajeti ya jioni, ananunua mkaa wa kopo, unga wa robo, mafuta ya kupima. Ukimwambia gesi ya kilo 6 itampikia wiki kadhaa na jumla ni nafuu atakubaliana na wewe kabisa, ila hiyo hela ya kujaza kwa mkupuo hana, na ikiisha Jumanne na mshahara hakuna, Jumanne hiyohiyo anawasha mkaa.

Ndo maana mitungi ya bure au ya ruzuku pekee haitoshi. REA, yani Wakala wa Nishati Vijijini, imesambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei na imesaidia watu wengi kuanza, lakini kuanza na kuendelea ni vitu viwili tofauti, na wote tumeona mtungi uliogawiwa ukiwa mtupu kwenye kona, umewekewa ndoo juu. Kinachojibu shida hii kweli ni gesi ya mita, ile unayolipia kwa simu kidogo kidogo unavyopika, Nairobi na Dar zipo. Pale mtu anakuwa na kopo lake la gesi. Kama mtaani kwenu haijafika, kikundi cha kuweka akiba ya kujaza mtungi kinafanya kazi nzuri tu.

Umeme je? Presha kuka si itamaliza luku?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote na jibu lake linashangaza watu. Presha kuka ya umeme haili umeme kama jiko la koili, kwa sababu ikishapata presha inajizima na kujiwasha yenyewe na imefunikwa vizuri joto halitoki. Sufuria ya maharage kwa kawaida inaiva chini ya uniti moja. Kwa mteja wa kawaida wa T1 (kundi la bei ya umeme la wateja wengi wa TANESCO), kwa bei tulizozizoea tangu 2016, uniti ni shilingi 292 na ukiweka kodi na tozo inafika kama 356. Sasa linganisha na makopo ya mkaa ya kuivisha maharage hayohayo.

Ila kuna watu wana sababu nzito ya kusita, nao ni wale wa D1, kundi la bei nafuu la wanaotumia umeme kidogo nyumbani. Wao wanalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, lakini ukizidi uniti 75 kwa mwezi kila ya ziada ni 350, na ukizidisha mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1. Mtu wa D1 ameshajifunza kulinda zile 75 zake kama mboni ya jicho, taa moja, redio, chaji ya simu. Akikuambia "sitaki jiko la umeme" anakuambia kwamba anajua hesabu zake. Kaa naye chini mhesabu anatumia ngapi sasa, zimebaki ngapi, maharage mara mbili kwa wiki yatakula ngapi. Wengi wanakuta nafasi ipo. Wengine haipo kweli, na hao wana haki ya kukataa.

## Ladha na vyakula

Chakula cha gesi si hakina ladha?

Kuna vyakula hii ni kweli. Nyama choma, mahindi, mishkaki, samaki wa kubanika, hapo mkaa ni sehemu ya chakula chenyewe na usipoteze muda kubishana. Kwa mchuzi, chai, mboga, ugali, mayai, tofauti inayosikika inatokana zaidi na moto kuwa mkali, mtu kazoea mkaa unaopoa taratibu na gesi inawaka vilevile mpaka uipunguze. Punguza moto, mpe mchuzi muda wake, ladha inarudi.

Wali je? Utapalia na nini?

Hapa ndo wengi wanakwama, na naliongelea kwa urefu kwa sababu naamini wali umewarudisha watu kwenye mkaa kuliko bei.

Mama mkwe wangu akipika wali wa nazi hatazami saa. Maji yakikauka anaondoa sufuria, anatoa makaa kwa koleo moja moja, anaweka matatu manne juu ya mfuniko, chini anabakiza ya kupasha tu, alafu anainamisha sikio. Kuna mlio mdogo wa wali unaokauka, akiusikia umebadilika anaondoa makaa. Wali unatoka umeachana, ukoko mwembamba wa rangi ya kahawia ambao wajukuu wanaugombania. Sasa mwambie mtu huyo "shikamoo mama, tumekuletea jiko jipya, moto unatoka chini tu". Umemnyang'anya kitu anachokijua kuliko mtu yeyote pale nyumbani, na umemfanya mwanafunzi jikoni kwake akiwa bibi. Lazima agome.

Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara inamuuma mtu zaidi kuliko inavyomfurahisha faida ya kiasi hichohicho. Wali bokoboko mbele ya wageni ni hasara, dakika ishirini ulizookoa ni faida, na kwa mpishi anayejulikana kwa wali wake hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Namna ya kufanya: maji yakikaribia kukauka weka kile chuma cha chapati juu ya jiko la gesi, sufuria juu ya chuma, moto wa chini kabisa, funika na foili alafu mfuniko mzito juu yake. Chuma kinasambaza joto na foili inazuia mvuke. Mama mkwe alikubali hii baada ya kujaribu mwenyewe na mchele kidogo siku ambayo hakuna mgeni, na bado wa sikukuu anapika kwa mkaa. Sawa tu.

Maharage na makande?

Loweka usiku kucha, bila kuloweka utachoma gesi mpaka ulie. Kama una presha kuka ya umeme hapa ndo mahali pake, nimeeleza gharama kwenye swali la luku hapo juu.

## Watu wa nyumbani

Mimi nataka, mume wangu hataki kutoa hela. Nifanyeje?

Nyumba nyingi anayetoa hela sio anayevuta moshi. Kwake mkaa ni bei tu, kwako ni kifua. Hoja ya afya mara nyingi haimgusi, hoja ya chai saa kumi na moja alfajiri kabla hajatoka inamgusa sana, dakika tano ipo mezani. Wengine wameingiza gesi kwa mlango huohuo, chai ya asubuhi na maji ya kuoga ya mtoto, na baba akishazoea gesi ikiisha yeye ndo wa kwanza kuulizia.

Dada wa kazi anaogopa, au anatumia vibaya mpaka gesi inaisha haraka

Alielekezwa na nani? Kama uliwasha mara moja mbele yake ukaenda kazini, hujamfundisha. Pika naye siku nzima, awashe yeye, azime yeye, apake povu yeye. Alafu usimgombeze gesi ikiisha mapema mwezi wa kwanza, maana atarudi kwenye mkaa kimyakimya ukiwa haupo ili asigombezwe tena.

Mama ntilie je? Wao wanapikia watu wengi

Hawa wanabadilika haraka kuliko majumbani wakipata mtaji, kwa sababu wanahesabu faida kila siku. Kwa vyakula vya haraka kama chipsi na mayai wengi walishahama bila mtu kuwahimiza. Kwa pilau la sufuria kubwa na supu ya kwato wanabaki na mkaa au kuni, na kuwakatia bila kuwapa jiko kubwa la gesi kwa mkopo nafuu ni kuwaondoa kwenye biashara.

## Maswali magumu

Kama mtu ana gesi na mkaa pamoja, si amefeli?

Hapana. Karibu kila mahali duniani watu huchanganya majiko kwanza. Jiko la mkaa la Kenya lenye udongo ndani, lililoenea kuanzia miaka ya 1980, lilipokelewa vizuri kwa sababu lilitumia mkaa uleule na sufuria zilezile, mafundi wa jua kali wakalitengeneza wenyewe, halikumlazimisha mtu kuacha chochote. Ukimwambia mtu "ukichukua hii tupa ile" anaiogopa hii. Mwache na ile, hesabu milo mingapi kwa wiki imehama.

Serikali ikipiga marufuku mkaa si itaisha haraka?

Kwa taasisi, amri inafanya kazi. Tanzania iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na shule au gereza lina bajeti, lina mkuu wa kuwajibika. Mkakati wa taifa wa 2024 mpaka 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na mimi natamani lengo hilo lifikiwe kwa moyo wote. Lakini kwa kaya ya chumba kimoja, marufuku bila gesi ya kununua kidogo kidogo inapandisha bei ya mkaa tu, na anayeumia ni yuleyule wa kopo.

Na wanaouza mkaa?

Swali la haki kabisa na linakwepwa mno. Muuza mkaa anayekataa gesi mtaani kwake anatetea ada ya watoto. Ana wateja, ana eneo, anajua nani anakopesheka, huyo ndo wakala wa gesi unayemtafuta kama kuna mtu wa kumpa mtaji wa mitungi kumi ya kuanzia.

Nimezawadiwa presha kuka, ipo kwenye boksi tangu harusi. Nianzie wapi?

Anza na maharage, sio wali na sio pilau. Hakikisha soketi na waya wa nyumba viko sawa, usichomeke kwenye ekstensheni nyembamba yenye vitu vingine. Angalia luku inasoma ngapi, andika. Weka maharage yaliyolowekwa, maji yasizidi mstari wa juu ndani ya sufuria yake, funga mfuniko mpaka usikie umekaa, geuza kile kidude cha juu kiwe upande wa kufunga, weka dakika 25. Ikimaliza usilazimishe mfuniko, subiri presha ishuke, ukitoa mvuke tumia kijiko kirefu na uso ukae mbali. Onja. Kama bado magumu rudisha dakika 10. Alafu kasome luku tena utoe hesabu, na utie nazi.